Wapiga picha wasiuziwe stika

Mpiga picha mdogo wa Sokon I anayeingia mjini Arusha kutafuta kompyuta ya kuhariria picha huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: anataka i5 au i7? Bei hupangwa kwa jibu hilo. Akiwa na fedha ya kutosha huchukua i7, akipungukiwa huchukua i5, na katika hali zote mbili hutoka dukani akiamini kwamba amenunua nguvu kadiri ya mfuko wake. Imani hiyo inawagharimu wengi. Katika kazi ya picha stika ya i7 inakuja nyuma ya kioo, nyuma ya memori na nyuma ya diski, na fedha inayolipwa kwa ajili yake ndiyo inayokosekana kwenye vitu hivyo vitatu.

Jambo hili si dogo kwa mtu anayeishi kwa harusi, send-off, kipaimara na picha za paspoti. Enzi za filamu mpiga picha alipeleka mkanda maabara, na fundi wa maabara ndiye aliyesawazisha rangi kabla ya kusafisha. Gharama ya mashine ilikuwa ya mwenye maabara. Leo kazi ile imehamia kwenye meza ya mpiga picha mwenyewe, na hatari yake imehamia pamoja nayo. Picha ikionekana safi kwenye kompyuta kisha ikatoka kwenye karatasi bibi harusi ana uso wa kijani au shela lake limekuwa la bluu, mteja hagombani na kompyuta. Karatasi ya pili hulipwa na mpiga picha, na faida ya kazi nzima inaweza kuishia hapo.

Ndiyo maana kioo kinapaswa kutangulia. Kipimo cha rangi kinachotumika kwa picha za kawaida, yaani sRGB, kilipendekezwa mwaka 1996 na kampuni za HP na Microsoft, na hadi leo maabara nyingi za kuchapisha hupokea picha kwa kipimo hicho. Vioo vingi vya laptopu za bei ya chini huonyesha kama asilimia 60 tu ya rangi hizo. Mhariri anayetumia kioo cha namna hiyo huongeza wekundu asiouona, na karatasi huja kumsuta. Viko pia vioo vya aina ya TN, ambavyo hubadilika rangi mtu akisogeza kichwa. Juu ya kioo panakuwa peusi na chini panakuwa peupe, na hakuna ajuaye ukweli uko wapi. Kioo cha aina ya IPS ndicho cha kutafuta. Kukipima dukani hakuhitaji utaalamu: mnunuzi aende na picha ya uso wa mtu anayemfahamu, tena aliyekwisha kuichapisha, aifungue kwenye mashine anayouziwa na kuishika ile karatasi pembeni. Kisha asimame, aketi, asogee kulia na kushoto. Muuzaji akikasirika kwa kucheleweshwa, duka la pili haliko mbali.

Sasa turudi kwenye stika. Herufi i7 peke yake haisemi kitu, kwa sababu Intel imeibandika kwenye prosesa za vizazi vingi tangu mwaka 2008. Kinachosema ni namba zinazofuata. Prosesa ya i7-7500U iliyotoka mwaka 2016 ina viini viwili vya kufanyia kazi. I5-8250U iliyotoka mwaka mmoja baadaye ina vinne. Kwa kompyuta za mezani, i7-6700 ya mwaka 2015 ina viini vinne, na i5-8500 ya mwaka 2018 ina sita. Kwa hiyo mwenye kulipa zaidi ili apate i7 ya kizazi cha 6 au cha 7 anaweza kuwa amelipia upungufu. Namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi (kuanzia cha 10 huwa tarakimu mbili), na mnunuzi aisome ndani ya mashine yenyewe, kwani stika huchapishwa hata mtaani.

Mpaka wa kizazi cha 8 una uzito mwingine. Microsoft ilikomesha matengenezo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha prosesa chache, haikubali rasmi Intel ya chini ya kizazi cha 8. Ofisi za Ulaya na Marekani zenye mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zina sababu ya kuziondoa, na njia ya mitumba ya kompyuta inajulikana: Dubai, kisha Dar es Salaam au Mombasa. Sheria ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki haiweki ushuru wa forodha kwenye kompyuta, jambo ambalo limewasaidia sana wenye vipato vidogo, lakini pia halimzuii mtu kuleta kontena la mashine zilizochoka. Mwananchi anayeuziwa mashine ya namna hiyo leo kwa bei ya jana anabebeshwa mzigo ambao ofisi ya ng'ambo imeutua.

Si kwamba mashine hizo hazifai kabisa. Kwa kupunguza ukubwa wa picha za paspoti na kuzipanga kwenye karatasi zinatosha, hasa zikifungwa mfumo wa Linux. Bei tu ndiyo ilingane na hali yake.

Upande wa memori, ambayo mafundi huiita RAM, hesabu ni nyepesi na yeyote anaweza kuipiga. Picha ya kamera ya pikseli milioni 24, ikifunguliwa kwa rangi tatu na baiti mbili kwa kila rangi, hula megabaiti 144. Mhariri akiweka tabaka sita juu yake amekwisha kuvuka megabaiti 1,000 kwa picha moja, bado hatua za kurudi nyuma ambazo programu huzihifadhi. Windows yenyewe na kivinjari cha intaneti vimekwisha kuchukua sehemu yao. Gigabaiti 8 zinaanza kazi, ila haziimalizi kwa raha. 16 ndizo za kufanyia biashara. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda sana duniani kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili bandia, hivyo ule ushauri wa zamani wa kununua mashine yenye 8 na kuongeza baadaye umepoteza faida yake. Ni afadhali kutafuta iliyokwisha kuwa na 16 ndani.

Diski iwe SSD. Hili halina mjadala.

Kuhusu kadi ya grafiki, vijana wengi hushawishika na laptopu za michezo zenye taa za rangi. Kadi hiyo ina kazi: chombo cha kuondoa chenga kwa akili bandia, ambacho Adobe ilikiingiza kwenye Lightroom mwezi Aprili 2023, huenda taratibu mno pasipo kadi nzuri. Anayepiga ndani ya kumbi zenye giza kila Jumamosi ana sababu ya kuifikiria. Kwa wengine ni mapambo ya bei ghali.

Linabaki suala la laptopu au ya mezani, na hapa maoni yanagawanyika. Wanaopenda laptopu wana hoja: umeme ukikatika kazi inaendelea, na mashine hubebeka hadi ukumbini ili picha zitolewe siku ile ile. Kwa mpiga picha anayefuatana na watalii kwenda mbugani hoja hiyo inatosha. Lakini mwenye studio ya chumba kimoja Sokon I, ambaye mashine yake haitoki mlangoni, analipia betri iliyochoka na kioo kidogo asichokihitaji. Kompyuta ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex 5060, HP EliteDesk 800 G4 au Lenovo ThinkCentre M720, hukaa kwenye kundi la kizazi cha 8 na cha 9, hufunguka kwa urahisi, na monita yake huchaguliwa kando. Hilo la mwisho ndilo linaloipa ushindi. Anayelazimika kuchukua laptopu aangalie ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5, ambazo memori yake hubadilishika, ila akague kwa makini: mashine hizo zilitolewa pia na prosesa za kizazi cha 7, na T480 nyingine zina kioo duni cha TN.

Tuseme mtu ana shilingi 1,200,000. Mgawanyo wa busara ungekuwa nusu kwa mashine, robo kwa monita ya IPS, na robo inayobaki kwa UPS na diski ya nje. Wengi watasema robo ya mwisho ni anasa. Wanaosema hivyo hawajawahi kumweleza mama wa bibi harusi kwamba picha zimepotea.

Programu nayo ni bei, ingawa wengi huihesabu kuwa bure kwa sababu hupewa nakala iliyovunjwa kufuli pamoja na mashine. Nakala hizo ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mara nyingine huja na virusi vinavyofunga mafaili yote. Tangu Adobe ilipohamia kwenye malipo ya kila mwezi mwaka 2013, Photoshop imekuwa kodi ya pango isiyokwisha, na mwenye wateja wa kudumu anaweza kuimudu. Asiyeimudu ana njia halali. GIMP ni bure tangu miaka ya 1990 na toleo lake la 3.0 lilitoka Machi 2025. Darktable hushughulikia picha ghafi za kamera bila malipo. Na mwezi Oktoba 2025 Canva iliifanya Affinity, iliyokuwa ikiuzwa, kuwa ya bure. Anayejifunza leo hana sababu ya kuanza na nakala ya wizi.

Mahali pa kununua pana hesabu yake pia. Wapo wanaoagiza Kariakoo na kupokea mzigo kwa basi, na wapo wanaovuka Namanga, kilomita kama 110 kutoka Arusha, kufuata bei ya Nairobi. Unafuu unaweza kuwepo, lakini mashine ikigoma wiki ya pili, nauli ya kuirudisha na siku za kazi zilizopotea huula. Muuzaji wa Arusha anayezidisha kidogo na kuandika dhamana ya mwezi mmoja kwenye risiti anaweza kuwa ndiye wa bei rahisi. Kabla ya kulipa, mashine izimwe na kuwashwa upya mbele ya mnunuzi, aingie kwenye mipangilio ya BIOS. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, kuna ofisi fulani ng'ambo ambayo bado ina ufunguo wake, na mnunuzi aiache pale pale juu ya meza.