Wapika Pombe wa Eldoret Wafunzwe Kutunza Hamira

Polisi wakivamia ua wa mama pima, muuza pombe ya kienyeji, katika mitaa ya Eldoret kama Langas, mapipa hupinduliwa na busaa ikaishia mtaroni pamoja na machicha yake. Baadaye hutangazwa idadi ya lita zilizomwagwa. Hakuna anayeuliza ilipikwaje, wala kama mpishi anajua kutunza hamira yake.

Swali hilo lingepaswa kuulizwa kwanza.

Ili kuona maana ya kutunza hamira, chukua mfano wa bia ya lager. Hamira yake, Saccharomyces pastorianus, ni chotara: mzazi mmoja ni jamaa wa hamira ya mkate, mwingine ni hamira ya porini iliyotambuliwa katika misitu ya Patagonia mwaka 2011. Hupenda baridi ya nyuzijoto 8 hadi 13, na ikimaliza kazi hutua chini ya chombo. Eldoret, mji ulioinuka takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, una usiku wa baridi inayoifaa, ingawa joto la mchana bado humlazimu mpishi kutafuta friji.

Pombe ikishaiva, hamira iliyobaki chini huwa imezaana kuliko ile iliyotiwa mwanzoni. Kuimwaga ni kumwaga pesa. Kuiosha ni kazi ya jikoni: maji yaliyochemshwa yakapoa humiminwa juu ya mashapo, yakakorogwa, yakaachwa kama dakika 20. Mabaki mazito ya nafaka na hopsi huzama kwanza. Maji meupe kama maziwa yaliyo juu ndiyo yenye hamira. Hayo huhamishiwa katika chupa ya kioo iliyochemshwa, ikafunikwa bila kukazwa ili gesi ipate pa kutokea, kisha ikawekwa kwenye friji. Ndani ya wiki mbili au tatu hutumika tena.

Viwanda vikubwa hufanya hivyo pia, vikihesabu kila kizazi cha hamira na kuanza upya kutoka maabara kabla haijachoka au kuingiliwa. Somo hilo lina historia. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, wa maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitenga seli moja ya hamira akaizalisha, baada ya hamira-mwitu kuharibu bia ya kiwanda hicho. Mwenye kiwanda, J. C. Jacobsen, hakuifanya siri. Aliwagawia hata washindani wake.

Uasin Gishu, kaunti uliko mji wa Eldoret, nako watu wanajua kutunza vijidudu vyema, hata kama hawaviiti hivyo. Mursik, maziwa wanayonyweshwa wanariadha wakitua uwanja wa ndege wa Eldoret, hugandia ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Busaa nayo huchachushwa na hamira na bakteria zinazotoka kwenye kimea cha wimbi na vyombo vyenyewe. Ujuzi upo, kilichokosekana ni kipimajoto, chupa safi na daftari la kuandika kizazi cha hamira.

Wapo watakaosema kumfunza mama pima ni kuchochea ulevi, na hofu yao ina msingi. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kwingineko kwa pombe yenye methanoli. Lakini hamira haikuwaua watu hao. Uchachushaji wa kawaida wa nafaka hautoi methanoli ya kiasi cha kuua. Sumu hiyo iliingia na kemikali za viwandani zilizochanganywa ili pombe ipate ukali wa haraka. Hamira chafu huingiza bakteria wanaoifanya bia iwe kali kama siki, na mpishi ambaye pipa lake limeharibika ndiye anayeshawishika kuongeza kitu cha kuliokoa.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, ilifuta marufuku ya 1980 ya chang'aa, pombe kali ya kunereka, na kufungua njia ya leseni. Leseni sasa ziko mikononi mwa kaunti. Serikali ya Uasin Gishu ingeweza kuambatanisha leseni ya mpika busaa na mafunzo mafupi ya usafi na utunzaji wa hamira, yakitolewa na Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichoanza mwaka 1946 kama kituo cha kufunza wakulima. Mkaguzi angefika na kipimajoto, akakagua daftari, akachukua sampuli. Atakayekutwa na kemikali afikishwe mahakamani, na aliyepika kwa usafi aachiwe pipa lake.