Magugu Hayazoei Dawa, Jamani!

Najua nimeadimika, lakini msimu wa testi mnaujua wenyewe, na bumu nalo linasuasua. Leo nina dukuduku moja tu, nalo ni neno "kuzoea".

Juzi kwenye diskasheni yetu (sisi wa elimu tunaochukua baiolojia tunajinoa kwa ajili ya kwenda kufundisha kwa vitendo) mshkaji mmoja alisimama ubaoni kufanya mazoezi ya kipindi. Akasema magugu yakipigwa dawa muda mrefu yanaizoea, ndiyo maana hayafi tena. Darasa zima likainamia madaftari na kuandika. Nikauliza, nikaambiwa natafuta ugomvi, kwani tofauti ni ipi?

Tofauti ni kubwa kuliko mnavyodhani. Gugu lililopigwa dawa likafa limekufa, halina cha kujifunza wala cha kumsimulia mtoto. Lililobaki hai lilikuwa na jeni ya kuhimili hiyo dawa tangu kabla bomba halijafika shambani, na ndilo linaloacha mbegu. Msimu ujao shamba linajaa watoto wake. Hakuna gugu hata moja lililobadilika tabia, kilichobadilika ni nani amebaki kuzaa.

Mfano ninaoupenda unatoka mbali, Arkansas, jimbo linaloongoza kwa kilimo cha mpunga Marekani. Kule adui mkubwa ni mpunga mwekundu. Huyu si mmea wa ukoo mwingine, ni mpunga kabisa, spishi ileile Oryza sativa, ila punje zake ndani ni nyekundu, zinapukutika kabla ya mavuno na zinaweza kulala ardhini miaka kadhaa ndipo ziote. Sasa unamuuaje? Dawa itakayomuua itaua na mpunga wako, maana ni ndugu wa damu.

Mwaka 1993 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, Tim Croughan, alipata mpunga usiokufa kwa dawa za kundi la imidazolinoni. Ulitokana na mbegu zilizowekwa kwenye kemikali inayovuruga jeni, basi. Hakupandikiza jeni ya kiumbe kingine, kwa hiyo wale wa "GMO! GMO!" tulieni kwanza. Mwaka 2002 mbegu ikaingia sokoni kwa jina la Clearfield. Mkulima anapulizia, mwekundu anafa, mpunga wake unabaki umesimama. Raha iliyoje.

Ndani ya mmea kinachofanyika ni kidogo mno. Dawa hizi zinaziba kimeng'enya kinachoitwa ALS, ambacho mmea unakitumia kutengeneza asidi amino tatu: valini, lusini na isolusini. Kikizibwa mmea unadumaa na kufa. Katika mojawapo ya aina za Clearfield zilizolimwa sana, herufi moja tu ya DNA imebadilika, serini ikawa asparajini, na dawa haishiki tena vizuri. Herufi moja! Sisi tunakosea herufi moja kwenye jina la kisayansi tunakatwa nusu maksi, mpunga unakosea herufi moja unaokoka.

Haya, mpunga mwekundu ulizoea? Wapi! Uliozeshwa. Mpunga hujichavusha wenyewe, na chavua inayovuka kutoka mmea mmoja hadi mwingine kwa kawaida haifikii hata asilimia 1. Unaona ni kidogo, eti? Piga hesabu: tuseme shamba lina mbegu milioni moja za mpunga mwekundu, na chavua ya Clearfield imeingia kwenye mbegu moja kati ya kila elfu. Hizo ni mbegu elfu moja zenye jeni ya usugu, na kwa jeni hii mzazi mmoja anatosha kumwokoa mtoto. Ukipulizia mwakani umewaua wale 999,000 waliokuwa wanawabana, ukawaachia hawa maji, mbolea na jua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas, akiwemo Nilda Burgos, walishaandika kuhusu mpunga mwekundu sugu miaka michache tu baada ya 2002, na mwaka 2014 wakaonyesha kwamba magugu ya mashamba yaliyowahi kupandwa Clearfield yamebeba jeni nyingi za mpunga wa kulimwa. Gugu limerithi kinga kutoka kwa mpunga uleule tulioutengeneza ili tulishinde.

Na hii si njia pekee. Hukohuko Arkansas, dawa ya propanili ilitumika tangu miaka ya 1960 kuua nyasi za Echinochloa. Mpunga haufi kwa sababu una kimeng'enya kinachoivunjavunja. Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikathibitishwa nyasi ambazo nazo zinaivunja, kwa kimeng'enya cha aina hiyohiyo. Hapa hakuna aliyeozeshwa, ni uteuzi mtupu.

Kuna wanaosema basi turudi kwenye kupalilia kwa mkono. Mimi napenda jembe, lakini mkono nao unachagua. Utafiti wa jeni uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kuwa kwenye bonde la mto Yangtze, China, Echinochloa zilianza kufanana na mpunga yapata miaka elfu moja iliyopita. Wakulima waling'oa zilizojitokeza, wakaziacha zilizosimama wima kama mpunga. Jicho la mkulima lilifanya kazi ya dawa.

Sasa narudi kwa mshkaji na swali lake la tofauti. Mjomba wangu analima mpunga Mbarali. Akiamini majani "yamezoea", atafanya ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya, ataongeza dozi. Kwa usugu wa hiyo herufi moja, kuongeza dozi ni kumwaga hela mtoni, na yale yaliyobaki hai yanazidi kupewa nafasi. Akielewa kwamba anachagua wazazi wa magugu ya mwakani, atauliza maswali mengine: nibadilishe dawa ya kundi gani, nipande zao gani msimu huu, niyang'oe haya machache kabla hayajapukutisha? Na mbegu ninayonunua, ni safi au ina punje nyekundu ndani?

Sisi tuliosoma evolusheni tulianzia kwenye historia kidato cha kwanza, na tukaishia kubishana kama babu yetu alikuwa nyani. Ubishi ule haujawahi kumsaidia mtu kuvuna gunia. Mimi kipindi changu cha kwanza sitaanza na nyani. Nataka kuingia na sahani ya mpunga wenye punje chache nyekundu, niwape wanafunzi sekunde kumi wachambue, kisha tuhesabu zipi zimebaki. Mwenye kuweza kunitafutia punje nyekundu kabla sijaenda kituoni anishtue, nauli ya daladala nitarudisha bumu likitoka.