Mashini ya bei kali haijui njia ya shamba



Tangu Umoja wa Ulaya upitishe sheria yake juu ya misitu katika 2023, wanunuzi wa kahawa na kakao wanatuuliza: shamba liko wapi? Na wauzaji wamesikia. Wanatuletea fakturi ya «kompyuta maalum ya ramani», dolari elfu kadhaa, pamoja na programu ya kulipia kila mwaka. Sisi tunasema: tusikimbilie kutia sahihi.

Tuangalie kwanza kazi yenyewe. Kwa shamba lisilozidi hektari 4, sheria ile inaomba nukta moja tu. Likizidi hapo, ndipo mpaka wote unachorwa. Wengi wetu hatufiki hektari 4. Nukta hiyo simu inaipata, kwa programu ya QField. Kisha QGIS inaipanga kwenye laptopu ya kawaida, hata ya okazyo, yenye Linux. Zote tatu ni za bure, na QGIS inasema Kifaransa.

Mashini maalum zilikuwa na wakati wake. Miaka ya 1990 watengeneza sinema walinunua zile za Silicon Graphics kwa makumi ya maelfu ya dolari. Lakini kompyuta za kawaida zikapata nguvu, Linux ikaenea, na kampuni ile ikaomba ulinzi wa kufilisika katika 2006, tena 2009. Kama wenye sinema waliziacha, siye watu wa vilima tunazitafutia nini?

Kuna na moto wa umeme. Laptopu inakula wati 30 mpaka 60, ile kubwa inaweza kula mia kadhaa. Hesabuni paneli za jua na betri.

Lakini tusidanganyane: programu ya bure haijifundishi yenyewe. Pesa itakayobaki isiende kwenye viti vya biro. Ifundishe vijana wawili, mmoja awe binti, na inunue diski ya kutunza nakala. Mmoja akihamia mjini, kazi haifi.

Basi, mbele ya kupiga kura kwenye mkutano mkuu, ulizeni matatu: kila mwaka tutalipa ngapi? Ikiharibika, fundi wa soko letu ataiweza? Muuzaji akienda, ramani zetu zitafunguka bado? Asipojibu, fakturi irudi naye.