Acheni rangi, uzeni kutu!

Leo tuzunguke nyuma ya nyumba, pale chini ya mwembe, kuku wanapotagia ndani ya gari la marehemu Mzee. Mnalo wengi, msijifanye hamnisikii. Volkswagen ya duara, ile ya paa la turubai la kufunua, iko juu ya mawe miaka nenda rudi. Sasa mshiko umekata, mdogo wenu anadaiwa ada, na mnunuzi wa chuma chakavu ameshachungulia getini mara mbili.

Mwambieni apite zake. Yeye analipa kwa kilo, na gari lenyewe halifiki tani moja. Halafu hajui anachokitazama.

Magari hayo ya wazi yalikuwa yanaundwa na Karmann, mjini Osnabrück, Ujerumani, kuanzia 1949 mpaka Januari 1980. Yalitoka 331,847. Usione ni mengi, maana Volkswagen za duara za kila aina zilipita milioni 21 kabla kiwanda cha Meksiko hakijafunga kazi Julai 2003. Piga hesabu: katika kila sitini na tano hivi, la wazi ni moja. Ndiyo maana kuna watu watalitaka hata likiwa bovu, walifufue wenyewe taratibu gereji.

Lakini watu hao wameshalizwa sana. Kuna wajanja wanachukua Volkswagen ya kawaida, wanalipiga msumeno kichwani, wanatupia turubai, eti "la wazi". Usanii mtupu! Karmann hawakukata paa tu wakaishia hapo. Waliongeza vyuma vya nguvu chini, upande wa milango, kwa sababu gari lisilo na paa mzigo wake wote unabebwa na chini. La msumeno likipita kwenye shimo linapinda katikati, milango inagoma kufunga.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kumwonyesha mteja ni namba. Inua kiti cha nyuma, fagia kinyesi cha panya, sugua pale kwenye mgongo wa chuma unaopita katikati ya sakafu. Kwa magari ya kuanzia modeli ya 1965, namba ya chasisi ikianza na 15, hilo limezaliwa wazi. Ikianza na 11, samahani ndugu yangu, lilizaliwa na bati kichwani. Uliuze kwa jina lake.

Ukiwa hapo hapo chini ya kiti, angalia upande wa kulia inapokaa betri. Tindikali yake hula sakafu mpaka unaona mchanga wa uani. Unaona tundu? Lipige picha!

Najua fundi wa mtaani ameshakushauri upake puti, umalizie na rangi nyekundu ya kung'aa. Mkatalie. Anayenunua gari la kufufua hataki la kuendea harusini Jumamosi hii. Anataka kuhesabu kutu kwa macho yake ili ajue gharama itakayomkabili. Akiona rangi mbichi juu ya gari lililolala miaka kumi, atajua kuna kitu umezika humo, na atakata bei kwa kile anachokihofia, ambacho mara nyingi ni kikubwa kuliko kilichopo. Mpe jeki alinyanyue mwenyewe. Mlango uliokuwa unafunga vizuri ukianza kukwama gari likiwa hewani, vyuma vya chini vimeoza. Bei mnaijadili palepale, hakuna wa kumwita mwenzake mwizi baadaye.

Kinachonichekesha ni vijana wanaojisifia injini. "Inawaka, bosi, pasha uone!" Injini ya Volkswagen hata ikifa si msiba, spea zake nyingi ni zilezile za magari ya kawaida. Shida iko kwenye vile mnavyotaka kutupa: fremu ya paa hata kama turubai limebaki nyuzi, kioo cha nyuma cha paa, mashine za kushushia vioo vya ubavuni kwa nyuma, bawaba na vitasa. Vile vya paa na vya ubavuni ni vya gari la wazi peke yake. Vikusanyeni hadi kibati cha mwisho. Na msilifungue gari mkalitia kwenye maboksi, maana likija vipande mteja hajui kipi kimepotea, na ninyi pia hamjui.

Sasa la mirathi, na hapa sitanii. Kama kadi bado ina jina la Mzee, huna gari la kuuza, hata kama ni wewe uliyekuwa unaliosha kila Jumapili. Familia ikae, mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, yeye ndiye atie saini. Dada yenu aliyeolewa Tanga naye ni mtoto wa Mzee, apigiwe simu kabla ya dalali. Nyumba nyingi zimegawanyika kwa mali ndogo kuliko hiyo.

Mkipata mteja wa Nairobi, msishangae. Kule wanaoyapenda magari ya zamani wana mashindano yao ya urembo wa magari, Concours d'Elegance, yaliyoanza 1970. Ila Kenya ina kanuni ya kutoingiza magari yaliyozidi miaka minane, kwa hiyo aende kwanza forodha akaulize, arudi na jibu la maandishi. Mpaka hapo hela yake abaki nayo, na gari libaki kwenye mawe.