Mshubiri wa Kuku na Dhamana ya Muuza Dawa

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ukiuziwa chupa ya mitishamba stendi ya Msamvu, Morogoro, kwa maneno "inaongeza kinga, imeshapimwa", muulize muuzaji: imepimwa kwa nani, na ikaleta nini?

Mji huohuo una Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Mwaka 2002 watafiti, wa SUA wakiwemo, walichapisha jaribio la mshubiri mwitu kwa kuku walioambukizwa kusudi virusi vya mdondo. Kuku waliotangulia kupewa dawa walikufa wachache zaidi. Hata hivyo wengine walikufa, na kinga ya kutegemewa imebaki kuwa chanjo.

Kisharia, jaribio la aina hii linajuzu kwa haja, kwa sharti mnyama asiteswe bure. Lakini nafuu ya kuku si ushahidi kwa binadamu. Anayetibu watu bila kujulikana kwa utabibu, Mtume (S.A.W.) amembebesha dhamana ya madhara, na anayeficha ukweli wa bidhaa yake amefanya ghushi.

Dawa ya asili ni neema, tusiikatae. Tudai ithibitishwe kabla ya kunadiwa.

Wallahu a'lam.