Oscar Kightley: Mchekeshaji anayesema yanayofichwa nyumbani

Wapo watoto ambao ukiwauliza wana shida gani watajibu “hakuna”, lakini ukiwasikiliza wakitaniana na wenzao utajua kila kinachoendelea nyumbani kwao. Oscar Kightley, mwigizaji wa vichekesho mzaliwa wa Samoa, ameishi kwa kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Anayageuza kuwa mzaha yale ambayo familia nyingi hazitaki kuyazungumza.

Kightley alizaliwa mwaka 1969 mjini Apia, Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki. Alifiwa na baba akiwa bado mdogo, na alipofikisha miaka minne akapelekwa New Zealand, ambako alilelewa na jamaa zake katika jiji la Auckland. Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanayafahamu malezi ya namna hiyo: mtoto wa ndugu anakuja, anapewa kitanda, anaandikishwa shule, na maisha yanaendelea.

Hata hivyo, nje ya nyumba hali haikuwa shwari. Katika miaka ya 1970, polisi wa New Zealand walikuwa wakivamia alfajiri nyumba za watu kutoka visiwa vya Pasifiki, wakiwatafuta waliozidisha muda wa vibali vyao. Waliozidisha muda walitoka nchi nyingi, lakini milango iliyogongwa usiku ilikuwa zaidi ya Wasamoa, Watonga na majirani zao. Watoto waliamshwa na tochi. Wazazi wengi walilinyamazia jambo hilo kwa aibu.

Kightley alianza kazi akiwa mwandishi wa habari gazetini, kisha akahamia kwenye jukwaa la maigizo. Mwaka 1997 aliandika mchezo kuhusu uvamizi huo, akauita Dawn Raids. Watu walicheka ukumbini, lakini walikuwa wanacheka maisha yao wenyewe. Serikali ya New Zealand iliomba radhi rasmi mwaka 2021, kupitia kwa Waziri Mkuu wa wakati huo, Jacinda Ardern. Mchezo wa kuigiza ulikuwa umetangulia kwa miaka 24.

Katuni yenye baba mlevi

Mwaka 1998 Kightley na wenzake, akiwemo David Fane, walianzisha kundi la vichekesho la Naked Samoans. Ndilo lililozaa kipindi cha katuni cha bro’Town, kilichorushwa kwenye televisheni ya New Zealand kuanzia mwaka 2004 hadi 2009. Kinahusu wavulana watano wa mtaa mmoja wa Auckland, na Kightley alikuwa miongoni mwa waandishi na waliotia sauti.

Wawili kati ya wavulana hao, Vale na Valea, ni ndugu wanaoishi na baba yao, Pepelo. Baba huyo analewa, anacheza kamari na mara nyingi hana habari na watoto. Kwa Kisamoa, pepelo ni uongo. Majina ya watoto nayo yanatokana na neno lenye maana ya upumbavu. Mtazamaji Msamoa anacheka mara tu anapoyasikia, kisha huenda akajiuliza: ni nyumba ngapi ambamo mtoto anaitwa mjinga kila siku, na kila mtu anachukulia kuwa ni utani tu?

Hapo ndipo wazazi wana la kujifunza. Jina la mzaha ambalo mtoto anaitwa mbele ya wageni halimchekeshi kila mtu. Mzazi akitaka kujua, amtazame mtoto mwenyewe. Akicheka kwa kuchelewa, akiangalia chini, au akiwahi kujitania kabla wengine hawajamtania, utani huo unamuumiza.

Filamu iliyompa umaarufu zaidi ni Sione’s Wedding ya mwaka 2006, ambayo aliiandika pamoja na James Griffin. Marafiki wanne wenye umri wa miaka ya 30 wamezoea kuharibu sherehe za watu. Mchungaji anawapa sharti: wasipokuja na wachumba wa heshima, hawataruhusiwa kwenye harusi ya Sione. Kightley aliigiza kama Albert, mwanaume mpole ambaye bado anaishi na mama yake. Filamu hiyo ilipendwa sana New Zealand, na mwaka 2012 ikatoka sehemu ya pili.

Alipoacha kuchekesha

Mwaka 2013 aliwashangaza waliomzoea. Katika tamthilia ya televisheni ya Harry, akiwa pamoja na Sam Neill, aliigiza kama mpelelezi ambaye mkewe amekufa kwa kujiua. Anarudi kazini mapema, anajizamisha kwenye kesi, huku binti yake aliye katika umri wa balehe akibaki na huzuni yake peke yake. Hakuna mzaha wa kuficha kitu hapo. Baba anampenda mwanawe lakini hajui aanzie wapi kuzungumza naye.

Baadaye alirudi kwenye vichekesho. Alionekana kama polisi katika Hunt for the Wilderpeople ya mwaka 2016, na katika Next Goal Wins ya mwaka 2023, filamu kuhusu timu ya taifa ya soka ya Samoa ya Marekani, iliyowahi kufungwa mabao 31-0 na Australia mwaka 2001.

Kazi hizo zikiwekwa pamoja, zinaonyesha kwamba mzaha unaweza kufungua mlango, lakini lazima mtu mzima aingie. Mtoto anapoigiza jinsi baba anavyorudi amelewa, na sebule nzima ikacheka, kumchapa ni kumfundisha asiseme tena. Kucheka tu na kulisahau nako hakusaidii. Kinachofaa ni kumtafuta baadaye mkiwa wawili, labda wakati wa kuosha vyombo au kwenda dukani, na kumuuliza: “Ile uliyoigiza jana, huwa inakupa hofu?” Akijibu, asikatizwe wala asishindwe kwa hoja. Na kama mzazi mwenyewe ndiye aliyeigizwa, kusema “samahani” hakumpunguzii heshima.

Upo utani usiopaswa kusubiri. Mtoto anayerudia mizaha kuhusu kufa, kutoweka au kwamba nyumbani wangepumua asingekuwepo, aulizwe moja kwa moja siku hiyo hiyo kama anafikiria kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, au mzazi akibaki na wasiwasi, mtoto asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya au kwa mshauri nasaha, hata kama anasisitiza kuwa alikuwa anatania.