Nani alimualika huyu msomaji katika grupe yetu?



Kuna jambo linaingia katika timu zetu mbio sana, na linapita kwa mlango ambao hatuuchungi: grupe za kazi. Siku hizi timu nyingi za hapa mjini, iwe shirika dogo la mtaa, iwe vijana wa biashara, iwe ONG, hazifanyi tena kazi mezani. Kazi iko ndani ya WhatsApp, ndani ya Telegram, na kwa wale walio na wafadhili wa nje, ndani ya Slack ao Microsoft Teams. Sasa mtu mmoja, mara nyingi yule anayejua teknolojia kidogo kuliko wengine, anaandika: "Tuweke IA humu ndani, itakuwa inatufanyia PV." Watu watatu wanatuma kidole gumba. Imeisha, imeingia.

Mimi nimesoma informatiki, niko na diploma, sina kazi. Njo maana wenzangu wananiita mara kwa mara niwaunganishie hayo mambo: "Wewe si uko na wakati?" Naenda, nafanya. Kwa hiyo siongei kama mtu anayeogopa mashini. Naongea kama fundi anayeona ni funguo ngapi watu wanamupa bila kuhesabu.

Tuseme kwanza ukweli: msaada upo. Mtu anayenunua mega za siku moja tu, ao aliyekosa umeme tangu asubuhi, anafungua telefone jioni na kukuta mesaji 300. Audio ndani, picha za fakturi ndani, mtu anauliza nani ana ufunguo wa depo, mwingine anaweka maombi ya asubuhi. Kupata mashini ya kumuambia kwa mistari mitano nini kimeamuliwa, nani atafanya nini na siku gani, hiyo si mchezo. Anayesema haina faida hajawahi kutafuta adresi ya mkutano katikati ya audio za dakika saba.

Lakini muangalie inafanya namna gani. Msaidizi huyu haishi ndani ya grupe. Kila akiitwa, maneno ya grupe yanachukuliwa, yanatumwa kwenye seva za kampuni iliyo mbali, yanasomwa kule, kisha jibu linarudi. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: ni maneno gani yanatoka, na nani alikubali yatoke?

Na milango haifanani. Kwa Telegram, roboti ikiingia katika grupe, kwa kawaida inaona tu mesaji zinazoanza na kistari cha amri, ile "/", ao zile zinazoielekea yenyewe. Aliyeitengeneza anaweza kuondoa kizuizi hicho. Tena ukiifanya admin, inaona yote. Wengi wanaifanya admin "ili ifanye kazi vizuri", pasipo kuambia wengine.

Kwa WhatsApp naogopa zaidi, na siongelei hapa Meta AI, ambayo Meta inasema inasoma tu mesaji zinazoitaja. Naongelea zile njia za pembeni tunazozipenda juu ni za bure. Unaskani kodi ya QR sawa vile unafungua WhatsApp kwenye ordinatere, na programu ya mtu usiyemjua inakuwa chombo kimoja na telefone yako. Hapo haioni grupe ya kazi peke yake. Inaona mama yako, mchumba wako, na yule unayemukopa. WhatsApp yenyewe inakataza njia hizo, na namba yako inaweza kufungwa.

Wengine watasema: sisi tuko na Slack ya kulipia, hiyo ni salama. Haya. Slack iko mikononi mwa Salesforce tangu 2021, kampuni ya Marekani iliyoinunua kwa dola zaidi ya miliari 27. Si watu wa kukosa mainjinia. Lakini mwezi wa tano 2024 watumiaji walishtuka kuona kwamba masharti yake yanaruhusu mesaji za wateja zitumiwe kufundishia mashini zake, na timu isiyotaka ilipaswa msimamizi wake aandike email kuomba itolewe. Kampuni ikaeleza kwamba hazitumiwi kwa zile mashini zinazotunga maneno, ni kwa mambo kama kupendekeza chaneli na emoji, na ikabadilisha maandishi yake. Sawa, tupokee maelezo. Ila muone mpango wenyewe: ukinyamaza, umekubali.

Mwezi wa nane mwaka ule ule, watu wa usalama wa PromptArmor wakaonyesha jambo lingine, na hili njo linaninyima usingizi. Mtu aliye ndani ya Slack ya timu anaandika katika chaneli ya wazi maneno yaliyotungwa kama amri kwa mashini. Baadaye mwenzake anauliza msaidizi amutafutie ufunguo wa siri aliouweka katika chaneli yake ya faragha. Msaidizi anaokota vyote viwili, siri na ile amri, anatii amri, anatoa jibu lenye linki. Mwenye siri akibonyeza, siri yake inasafiri ndani ya ile linki mpaka kwa mwizi. Mwizi hakuvunja mlango. Hakuwa hata na ruhusa ya kuingia katika chaneli ile. Salesforce ilisema imerekebisha, lakini ugonjwa wenyewe si wa Slack peke yake. Mashini hizi zinasoma agizo la shefu na maandishi ya mpita njia kwa jicho moja. Kwao yote ni maneno.

Sasa tulete hayo hapa kwetu. Grupe za timu zetu hazibebi tu saa za mikutano. Zinabeba majina ya familia zilizokimbia vita, namba ya mama aliyeombewa dawa, picha ya karte ya mpiga kura, jina la mtoto, kijiji alikotoka, mahali analala sasa. Watu hao hawako ndani ya grupe. Hawakuona vile vidole gumba vitatu. Walitoa majina yao kwa dada mmoja mwenye kaye na kalamu, juu walimuamini yeye, uso kwa uso. Dada yule hawezi kuwakubalia mahali pao. Na mimi fundi, ambaye hata sijawaona, niko na haki ndogo kuliko yeye.

Sheria iko, tena ni yetu. Kodi ya numeriki, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inataka mtu akubali mbele data zake zitumiwe, isipokuwa pale sheria yenyewe imefungua njia. Wangapi kati yetu tumeisoma? Hakuna mtu wa serikali atakuja kesho kukagua roboti yenu ya Telegram. Kwa hiyo ni nyinyi mutajichunga, ao hakuna atakayewachunga.

Neno dogo juu ya lugha, kabla sijasahau. Sisi tunaandika Kiswahili chetu, Kifaransa nusu, Lingala kidogo, vyote katika mesaji moja. Ukiandika "tulipata paka dola 20", mimi na wewe tunajua pesa haikutosha. Mashini iliyojifunza Kiswahili cha vitabu inaweza kuandika katika PV kwamba timu ilipata mnyama. Mutacheka, lakini PV hiyo ndiyo inatumwa kwa mfadhili, na ikisharudi na maswali hamutacheka tena. Lazima mtu asome kabla haijatoka.

Na mtu huyo awe nani? Hapa naongea kwa faida yangu, sifichi. Kuandika PV ilikuwa mlango wa staji. Ukiwa mudogo kuliko wote katika biro, wanakupa kalamu, unakaa kona, unaandika, na pale ndiyo unajifunza namna pesa inajadiliwa na namna mtu anakataa bila kutukana. Mlango huo ukifungwa, sisi tulio na diploma mkononi tutaingilia wapi? Mukiweka mashini iandike, basi mupe kijana mmoja kazi ya kuisimamia: asome PV, asahihishe, ashike orodha ya nini roboti inaona, na ile tokeni ya roboti ikae kwake, siyo katika grupe kama nilivyokuta mahali fulani. Mwenye tokeni ndiye mwenye roboti, hata kama ni mtu aliyetoka timu jana kwa hasira. Na mumulipe, hata transpo tu kwa kuanza.

Kabla ya kuunganisha, andikeni katika grupe, kwa maneno ya kawaida: tunataka kuweka roboti fulani, ya kampuni fulani, itaona hiki na hiki, haitaona kile, ataisimamia fulani, anayekataa aseme mpaka siku ya posho. Mungoje kweli mpaka posho. Kunyamaza kwa mtu asiye na mega si kukubali, kwa hiyo mumupigie ao mumuulize mukikutana.

Na kama mmoja amesema hapana? Basi mufungue grupe ya pili pembeni. Muweke roboti kule pamoja na saa za mikutano, hesabu ya transpo na orodha ya nani ataleta viti. Grupe yenye majina ya watu ibaki na watu tu.